Kuhesabu Pumzi

Sisi tuliozaliwa kabla ya Uhuru tulikuwa tumeshabaki wachache, na korona ikaja kutupunguza tena. Vijana wanaikumbuka miaka ya 2020 na 2021 kwa barakoa, ndoo za maji ya kunawa milangoni na shule kufungwa. Mimi naikumbuka kwa masinia. Kila nyumba niliyoingia kumjulia hali mgonjwa, kando ya kitanda kulikuwa na sinia: tangawizi iliyopondwa, malimau, vitunguu saumu, chupa ya asali, vitamini C, zinki, azithromaisini, dawa ya kikohozi, na mara nyingine vidonge vya deksamethasoni alivyonunua mtoto wa mgonjwa baada ya kusikiliza ujumbe wa sauti uliozunguka kwenye simu, asijue hata nani aliyeutoa. Chini ya kitanda, chungu cha nyungu bado kina moto. Basi nauliza: anapumua mara ngapi kwa dakika? Nyumba nzima inanikodolea macho kana kwamba nimeuliza bei ya mafuta ya ndege.

Nilikuwa muuguzi wa zahanati mkoa wa Pwani mpaka nilipostaafu, na swali lile kwetu halikuwa la kitaalamu sana. Lilikuwa swali la kwanza. Nataka kueleza lilikotoka na lilikopotelea, kwa sababu naona wajukuu zangu wanabishana hadi leo kuhusu dawa gani ingetibu korona mapema nyumbani, na katika mabishano yote hayo sijasikia mtu anataja saa.

Kizazi chetu kililelewa na redio. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili, vikundi kwa vikundi, wasikilize kipindi kisha watoke wakachimbe vyoo na kufyeka madimbwi. Tulicheka, tulilalamika jembe likituumiza mgongo, lakini tuliondoka na wazo moja: kwamba mtu asiye daktari anaweza kujua jambo la kweli kuhusu mwili wake na akalitendea kazi. Vijiji vilipoanza kuwa na wahudumu wa afya wao wenyewe, wazo lile likapata mikono.

Ugonjwa uliotusumbua zaidi kwa watoto, ukiacha malaria na kuhara, ulikuwa kifua. Mama anakuja na mtoto anayekohoa. Kumi wana mafua tu, mmoja ana nimonia, na yule mmoja asipopata dawa leo, kesho kutwa anazikwa. Utamtofautishaje bila eksirei, bila maabara, na hata stetoskopu yenyewe wengi hawakuwa nayo? Jibu halikutoka hospitali kubwa. Huko Goroka, Papua New Guinea, daktari aitwaye Frank Shann na wenzake waliwatazama watoto wanaokohoa na kuona kwamba unaweza kumtambua wa hatari kwa kuhesabu pumzi zake na kutazama kifua chake. Akipumua kwa kasi kuliko kawaida, apewe dawa. Kifua chini ya mbavu kikibonyea ndani kila anapovuta hewa, apelekwe hospitali. Shirika la Afya Duniani likalichukua hilo na kulifanya mwongozo. Hesabu tulizokaririshwa baadaye ni hizi: mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari, wa miezi miwili mpaka mwaka, 50, wa mwaka mmoja mpaka mitano, 40.

Bagamoyo ni mojawapo ya mahali ambapo jambo hilo lilijaribiwa mapema Afrika. Dk. Mtango na mwenzake Neuvians waliwatumia wahudumu wa afya wa vijiji kupita nyumba kwa nyumba, kuwafundisha kina mama dalili za nimonia na kuwapa watoto wenye dalili septrini palepale kijijini. Walipochapisha matokeo mwaka 1986, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika vijiji vile vilikuwa vimepungua kwa kiasi cha robo ndani ya miaka miwili. Robo! Kwa dawa ya bei ya chini kabisa na watu waliomaliza darasa la saba. Sisi tuliokuwa zahanati za wilaya jirani habari hizo zilitufikia kwa maneno ya semina, na wengine wetu hatukuziamini mpaka tulipoanza kuhesabu wenyewe.

Kuhesabu pumzi si kazi nyepesi kama inavyosikika. Unahitaji dakika nzima, si nusu yake ukazidisha mara mbili, maana mtoto mchanga hupumua kwa mafungu: anakwenda mbio, anatulia, anaanza tena. Asiwe analia. Asiwe ananyonya. Unamwambia mama amfunue tumbo tu, ashike mtoto magotini asimtikise, na wewe unatazama mahali pamoja, penye kitovu kwa mfano, jicho moja kwenye tumbo na jingine kwenye saa. Ukipoteza hesabu, unaanza upya, na foleni nje inaguna. Kuna kina mama walioniambia, “Sista, mbona unamtazama tu, humpimi?” Nilikuwa nampima.

Katika kazi ile mlikuwa na vitu viwili vilivyokwenda pamoja: kidonge na saa. Saa ndiyo iliyoamua kidonge kitoke au kibaki kwenye kopo. Ndipo nikaona vikiachana. Mwaka 1993 uchangiaji wa huduma za afya ulianza, mtu akawa anapiga hesabu ya fedha kabla hajafika zahanati. Miradi iliyowalea wahudumu wa vijiji ilikwisha, mmojammoja wakarudi shambani. Maduka ya dawa yakaota kila njia panda. Serikali ilijaribu kuyatia adabu kwa mpango wa maduka ya dawa muhimu ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, na ulisaidia, lakini duka ni duka. Muuzaji huulizwa “una dawa ya kifua?” wala haulizwi “mtoto huyu ana nini?” Hivyo watoto wetu walikua wanakijua kidonge kwa jina, rangi na bei. Saa hawakuiona popote. Simlaumu mtu, nasema tu kilichotokea.

Korona ilipothibitishwa Arusha tarehe 16 Machi 2020, dawa ya kwanza kutajwa ilikuwa rafiki yetu wa zamani. Klorokwini! Kizazi changu kilinywa klorokwini mpaka masikio yakavuma. Ilikuwa chungu kuliko shubiri na ilituwasha mwili mzima usiku kucha, mtu anajikuna kwa gunzi. Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Sasa dunia nzima inaitafuta, yenyewe na ndugu yake haidroksiklorokwini. Ikajaribiwa kwa utaratibu unaostahili, maelfu ya wagonjwa wakigawanywa kwa kura, hawa wanapewa na hawa hawapewi, na haikuonekana kupunguza vifo. Ivamektini ikafuata, ile ile tuliyoigawa vijijini kwa ajili ya usubi na matende. Nayo ni dawa njema kwa minyoo yake. Huko Brazili walijaribu kuwapa watu waliougua korona na kubaki nyumbani, na matokeo yaliyotoka Machi 2022 hayakuonyesha kwamba iliwazuia wasilazwe. Azithromaisini, ambayo kwa miaka miwili ilinunuliwa huku kama karanga, ilijaribiwa Uingereza kwa wazee waliotibiwa nyumbani; walioinywa na wasioinywa walipona sawasawa. Hiyo ni dawa ya bakteria, na korona ni kirusi.

Hata Afrika haikukaa kusubiri. Novemba 2020 nchi 13, zikiwemo Kenya, Uganda na Kongo ya Kinshasa, ziliingia katika utafiti ulioitwa ANTICOV, uliokusudia hasa mgonjwa ambaye bado anatembea, ili asifikie kitanda cha hospitali. Lengo lilikuwa sahihi. Nasikitika kwamba huku kwetu wachache waliusikia.

Na nyungu? Vijana huniuliza wakitarajia niicheke, na wazee wenzangu wakitarajia niitetee. Nimejifukiza tangu utotoni: majani ya mkaratusi, mchaichai, mwarobaini, blanketi juu ya kichwa, jasho linatiririka mpaka kidevuni. Pua hufunguka, kifua hulegea, mtu hulala. Ni faraja, na mgonjwa anahitaji faraja. Lakini mvuke wa chungu haukifikii kirusi kilichokwisha kuingia ndani ya chembe za mapafu, na maji yaliyochemka yakimwagika magotini ni kidonda cha mwezi mzima. Mwaka 2020 madaktari wa Uingereza walitoa tahadhari kwamba wanapokea watoto wengi zaidi walioungua kwa mtindo huo huo, kwa hiyo si ushamba wetu peke yetu. Mwanzoni mwa Februari 2021 aliyekuwa Waziri wa Afya, Dk. Dorothy Gwajima, alitengeneza kinywaji cha tangawizi, vitunguu, malimau na pilipili mbele ya kamera. Sikuona ubaya wa kinywaji. Ningependa tu, baada ya kushusha glasi, aongeze: na mgonjwa akifanya hivi na hivi, acheni glasi, mpelekeni.

Maana korona ina ratiba yake. Wengi waliozidiwa hawakuzidiwa siku ya pili. Wiki ya kwanza homa, kikohozi, mwili kuuma, harufu kupotea. Mtu anasema ni mafua makali. Kisha, karibu siku ya saba mpaka ya kumi, wengine wanapona na wengine mapafu yanaanza kuvimba, oksijeni inashuka polepole mno kiasi kwamba mgonjwa mwenyewe hahisi. Anaongea na kutaniana, na huku vidole vinaanza kupoteza rangi. Ndiyo maana hata dawa zenye nguvu zilikuwa na saa yake. Vidonge vya Paxlovid, vilivyoruhusiwa Marekani Desemba 2021, vinatakiwa kuanza ndani ya siku tano za dalili. Ukivimeza siku ya tisa umechelewa. Deksamethasoni ni kinyume chake. Utafiti wa Uingereza uliotangazwa Juni 2020 ulionyesha kwamba inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa walio kwenye mashine ya kupumulia na kwa moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni. Kwa asiyehitaji oksijeni haikuwa na faida yoyote. Kumbe ile iliyokuwa kwenye masinia ya nyumbani, ikimezwa tangu siku ya pili, ilikuwa inapandisha sukari ya wazee wenye kisukari na kudhoofisha kinga wakati mwili unaihitaji. Dawa moja, mgonjwa mmoja. Tofauti ni siku.

Hapo nirudi Januari 2021. Jirani yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa nidhamu hata katika kuugua, nilimkuta barazani ameketi wima, viganja vimeegemea magotini, mabega yamepanda. Amenyolewa. Shati limepigwa pasi.

“Shikamoo, Sista, leo nimeamka vizuri,” akanitania, maana ananizidi miaka. Lakini alisema “leo nimeamka,” akavuta pumzi, ndipo akamalizia “vizuri.”

Binti yake akatoka na kikombe. “Bibi, homa imeshuka kabisa tangu jana. Amejifukiza asubuhi mara mbili.”

Nikaomba saa. Nilihesabu kwa kutazama vifungo vya shati lake, yeye akidhani natazama kitu barabarani, kwa sababu mtu mzima akijua anahesabiwa hubadilisha pumzi. Zilikuwa 34. Kwa mtu mzima aliyetulia, kati ya 12 na 20 ndiyo kawaida. Zikivuka 30, mwongozo wa korona unaiita hali kali. Nikamuuliza mkewe alianza lini. Akafikiri. “Ijumaa ile tuliyotoka msibani.” Siku ile ilikuwa Jumamosi ya wiki ya pili yake. Siku ya tisa. Kijana wa nyumba ya pili alikuwa na kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, kikaonyesha 81. Nikawaambia waite bajaji, na walipoanza kujadili kumwongezea nyungu ya jioni kwanza, niliwafokea kama wanafunzi wa uuguzi. Mwalimu alikaa hospitali kwenye oksijeni, akapewa huko huko ile deksamethasoni ambayo nyumbani ingekuwa bure, akarudi amekonda, suruali inashikiliwa na mkanda. Yu hai. Kuna wengine wa rika lake mtaani kwetu waliokuwa na masinia makubwa kuliko lake.

Kipimo kile cha kidoleni nacho kina historia inayonigusa. Aliyekibuni, Takuo Aoyagi wa Japani, aligundua kanuni yake miaka ya mwanzo ya 1970, akafariki tarehe 18 Aprili 2020, majuma yale yale dunia ilipokuwa inakigombania madukani. Ni kifaa cha thamani. Lakini wenye ngozi nyeusi tukijue vizuri: Desemba 2020 watafiti wa Marekani walitoa takwimu kwamba kwa wagonjwa weusi, kipimo kilionyesha oksijeni ya kutosha wakati damu yenyewe ilikuwa na upungufu, karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kwa hiyo kikisoma 93 na mtu anahema, nitaziamini zile pumzi kuliko tarakimu. Mbavu hazijali rangi ya ngozi.

Kuna jambo jingine lililotukosesha hesabu, na nitalisema kwa heshima kwa sababu waliohusika baadhi yao nao wametangulia. Takwimu za taifa zilikoma mwishoni mwa Aprili 2020 kwa Bara. Baada ya hapo ugonjwa haukuwa na jina mdomoni. Watu walifariki kwa “changamoto za upumuaji.” Sasa, ugonjwa usiotajwa hauna siku ya kwanza. Mke hawezi kusema “leo siku ya tisa ya korona” kama tangu mwanzo aliambiwa ni mafua ya msimu; na kama siku ya kwanza haijulikani, siku ya hatari nayo inapita bila mtu kukaa macho. Katikati ya ukimya ule, chama cha mwanasiasa wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, kilitangaza wazi kwamba yeye ana korona. Alifariki Muhimbili tarehe 17 Februari 2021. Sikuwa mfuasi wa siasa zake, lakini kama muuguzi nilimshukuru mzee yule: baada ya tangazo lile watu mtaani walianza kuniuliza maswali ya maana, lini ameanza, dalili gani, nimpeleke sasa au nisubiri.

Wakenya, tangu Juni 2020, walikuwa na mwongozo wa kumtunza mgonjwa nyumbani: chumba chake, vyombo vyake, mtu mmoja wa kumhudumia, na mhudumu wa afya wa jamii wa kufuatilia. Haukufuatwa kila mahali, najua, nyumba ya chumba kimoja Kibera itamtengea nani chumba? Ila angalau ulikuwepo karatasini, na karatasi ni mahali pa kuanzia. Kwetu, Julai 2021 Rais Samia alichanjwa hadharani na chanjo ikaanza kutolewa nchini, na maneno yakarudi kuwa maneno ya kawaida. Chanjo ndiyo iliyotuokoa wazee tuliobaki kuliko kitu chochote cha kwenye sinia, nalisema bila kupepesa.

Vijana wananiambia, Bibi, wakati ujao tutakuwa na dawa. Huenda. Leseni ya kutengeneza Paxlovid kwa bei nafuu ilitolewa kwa ajili ya nchi 95, Tanzania ikiwemo. Lakini hata hiyo yahitaji mtu wa kusema: ameanza juzi, ana miaka 70 na presha, apewe leo. Mtu huyo ni nani katika kijiji chetu? Alikuwepo, tukamwacha arudi shambani. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya laki moja katika miaka mitano. Nimefurahi kuliko nilivyofurahia pensheni. Mjukuu wa dada yangu ni mmoja wao. Alipotoka mafunzoni alikuja na begi, fulana, rejesta na simu, nikamwomba anionyeshe anavyohesabu pumzi. Akatoa simu, kuna programu: unagusa kioo kila mtoto anapovuta hewa, yenyewe inajumlisha.

Nilitazama. Si mbaya hata kidogo. Inatoa dakika kamili, na haipotezi hesabu kama sisi. Nilimpinga kwa jambo moja tu: alikuwa anatazama kioo, hatazami tumbo, kwa hiyo kifua kikibonyea hataona. Akasema chaji nayo huisha. Tukakubaliana ajifunze kwa saa ya mkono kwanza, kisha simu. Jumamosi anakuja, mtoto wa mpangaji wetu ana kikohozi tangu Alhamisi, hana homa, ananyonya vizuri, na mama yake amekubali tumhesabu wote wawili, kila mtu kimoyomoyo, halafu tuone kama tumepata sawa.